Shangazi Aliyezikwa Kabla ya Harusi

Watu walimwita Wembe, na si kwa sababu ya kisu chake cha kukatia karatasi. Ni mdomo. Kazi yake ilikuwa kushona vitabu katika kiwanda kidogo cha chapa, chumba cha nyuma, ambako karatasi zikitoka mashineni hukunjwa, hupangwa, hushonwa kwa uzi, hupakwa gundi na kuvikwa jalada. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu kwenye meza ile ile. Shule aliiacha mapema, lakini kila kitabu kilichopita mikononi mwake alikisoma, kizuri na kibaya, hata vile vya ufugaji wa kuku na sheria za vyama vya ushirika. Na kwa kuwa alisoma, alikuwa na maoni. Na kwa kuwa hakuna gazeti lililokuwa na haja na maoni ya mshona vitabu, alitundika ubao mweusi kwenye ukuta wa nje, upande wa barabarani, akawa anaandika kwa chaki kila Jumatatu asubuhi.

Hakuchagua. Wiki moja kitabu, wiki nyingine filamu, wiki nyingine serikali. Kuna filamu moja aliiandikia hivi: "Shujaa kapigwa risasi tatu na shati halina hata tundu. Apewe tuzo fundi wa shati." Hotuba ya waziri aliimaliza kwa mstari mmoja: "Saa mbili na nusu, na sisi tulioketi mbele tumetoka na mate usoni tu." Watu walisimama, wakasoma, wakacheka, wakagombana, wakaenda zao kazini wakiwa wamechangamka. Msomaji wake mkuu alikuwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mtu mwenye sauti kama spika, ambaye aliwasomea wale waliosahau miwani.

Sheria ilikuwa moja. Kilichoandikwa Jumatatu kilikaa mpaka Jumatatu nyingine. Hakifutwi. Mheshimiwa mmoja aliwahi kutuma vijana wawili wenye vifua vipana waje wafute. Wembe aliwapa chaki. "Andikeni pembeni yangu," aliwaambia. "Nafasi ipo. Kama hamjui kuandika, semeni, nitawaandikia." Walisimama, wakatazamana, wakaondoka. Siku hiyo Wembe alipanda daraja mtaani, na yeye mwenyewe alijua amepanda. Neno lake likawa neno. Mtu akitaka kununua kitabu aliuliza kwanza, "Wembe kasemaje?"

Basi kitabu cha shemeji yake kilipotoka, mtaa mzima ulingoja Jumatatu.

Shemeji huyo, mume wa mdogo wake wa kike, alikuwa karani katika ofisi ya maji. Kalamu mbili mfukoni, nyeusi na nyekundu, na namna ya kuongea kama mtu anayekusomea barua uliyoandikiwa wewe. Alikuwa ameandika riwaya, Mrithi wa Nyumba ya Bati, na alikuja kuichapisha kwa akiba yake pale pale kiwandani kwa kina Wembe, nakala mia tatu. Siku alipoleta mswada alimwambia mwenye kiwanda, mjane waliyemwita Mama Wino, kwamba hataki namba za kurasa.

"Namba ni za vitabu vya hesabu, mama. Msomaji wangu aingie humo apotee."

"Mteja akitaka kitabu kisicho na maandishi nitampa daftari," alijibu Mama Wino. "Haya, bila namba."

Wembe alikuwa kasimama mlangoni akisikia. Karani alimgeukia. "Shemeji, na wewe usihangaike kukisoma. Ni mtindo mpya huu. Mtu aliyeacha shule mapema unaweza kumsumbua kidogo."

Alisema kwa upole. Upole ndio uliomuuma Wembe.

Kitabu kilipokwisha kushonwa, Wembe alichukua nakala moja, akaisoma kwa siku tatu, kalamu ya risasi sikioni. Jumatatu saa moja asubuhi aliandika hivi:

"MRITHI WA NYUMBA YA BATI, cha Karani wa Maji. Kurasa za mwanzo watu wanasalimiana tu. Kisha shangazi anakufa, anazikwa, udongo unamwagwa. Kurasa chache mbele huyu hapa harusini, anacheza, anaomba soda ya pili, na hakuna hata mmoja anayeshtuka. Sentensi zinakatika katikati kama umeme, nyingine zinaanzia hewani. Kurasa hazina namba na sasa najua kwa nini: mwenye kitabu hajui kuhesabu. Msikinunue. Mkipewa bure, kataeni."

Fundi cherehani alikisoma kipande kile mara nne kwa sauti, na kila alipofika kwenye soda ya pili alishika tumbo. Mwenye duka la vitabu alipita, akasoma bila kucheka, akaenda akavitoa vitabu vya Karani dirishani. Hadi mchana watoto wa mtaani walikuwa wanaitana "Shangazi".

Karani alifika saa kumi, moja kwa moja kutoka ofisini, kitambulisho bado shingoni.

"Toka nje!" alipaza sauti barabarani. "We Wembe, toka!"

Wembe alitoka, mikono ina gundi. "Shemeji, karibu."

"Usiniite shemeji. Umesoma kitabu gani wewe? Shangazi hafi kabla ya harusi. Shangazi anaugulia harusini! Anacheza, anaanguka, ndiyo anakufa. Kitabu kizima nimekijenga hapo."

"Basi nyumba imeanguka. Soma mwenyewe." Wembe alichomoa nakala kwenye mfuko wa aproni, akaifungua, akamsukumia kifuani. "Hapa wanazika. Sasa fungua mbele. Mbele tena. Haya, huyo ni nani anayecheza? Mzimu?"

Watu walikuwa wamejaa. Karani alisoma. Alirudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena nyuma. Midomo ilikuwa ikitembea bila sauti. Kisha rangi ilimtoka usoni, ikaonekana ikitoka.

"Hukukisoma mwenyewe kilipotoka?" aliuliza fundi cherehani.

"Nilikiandika," Karani alisema. "Nisome nini tena?"

"Ungeona msiba umewahi."

Kicheko kikapasuka. Karani hakuwatazama. Alikuwa akimtazama Wembe, lakini hasira haikuwepo tena, na hilo Wembe hakulitegemea.

"Mswada ulinianguka," Karani alisema polepole. "Ofisini, siku niliyouleta. Karatasi zikatawanyika chini, nikaziokota haraka haraka. Na sikuwa nimeziandika namba." Akapapasa ukurasa. "Ni mimi. Nimeharibu mimi mwenyewe."

Akakifunga kitabu, akamrudishia Wembe kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akaondoka. Mtu mmoja nyuma akaita, "Shangazi, soda yako!" Wembe naye akacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na gundi.

Jumatano mchana fundi cherehani alivuka barabara na sahani yake ya chakula, akaketi kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma.

"Hebu nionyeshe pale sentensi inapokatika," alisema. "Nimewahadithia watu, wengine wanasema nimeongeza chumvi."

Wembe alichukua kitabu, akakifungua. "Hapa. Sikia. 'Mama wa bibi harusi alinyanyua mkono akasema kwa sauti ya.' Unaona? Sauti ya nini? Ya kuku? Ukienda ukurasa unaofuata ni kaburini, watu wana makoleo."

"Huo ndio mtindo mpya," alisema fundi cherehani, mdomo umejaa.

Dole gumba la Wembe lilikuwa limesimama kwenye mfereji kati ya kurasa mbili, na dole lile lilikuwa limegundua kitu kabla ya kichwa. Pale kulikuwa na gundi, si uzi.

Karatasi moja kubwa ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa kumi na sita, na huo ndio mkunjo mmoja. Katikati ya mkunjo hupita uzi. Mkunjo unapoisha na mwingine kuanza hapana uzi, pana mstari mwembamba wa gundi. Kitabu cha Karani kilikuwa na mikunjo kumi. Na sentensi ilikuwa imekatika pale pale mkunjo wa tano ulipoishia.

Alifungua pahali pa pili palipokatika. Gundi. Pa tatu. Gundi.

Mtu aliyeangusha karatasi zake sakafuni akaziokota ovyo, sentensi zake zitakatika popote. Mwandishi hajui mkunjo unaishia wapi. Mpiga chapa hujua akipenda kujua. Mshona vitabu anajua hata akifumba macho.

"Vipi?" aliuliza fundi cherehani.

"Hamna. Nenda ukale kwako, unanimwagia mchuzi."

Alipobaki peke yake alikwenda kwenye rafu ya chini, zilikokuwa nakala tano za akiba ambazo hazijavikwa jalada. Kila mkunjo, mgongoni, hupigwa kialama kidogo cheusi, na kila kimoja kinashuka kidogo kuliko kilichotangulia, hivi kwamba kitabu kikishapangwa sawasawa vile vialama hushuka kama ngazi kutoka juu hadi chini. Ndiyo kazi yake. Mtu akijifunza kupanga, siku ya kwanza anafundishwa kutazama ngazi. Wembe mwenyewe alikuwa amefundisha watu sita kutazama ngazi.

Akaigeuza nakala ya kwanza. Ngazi ilishuka hatua tano, ikaruka moja, ikapanda, ikaendelea kushuka. Wa saba umekaa mahali pa wa sita. Nakala ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne, ya tano.

Akakaa kwenye kiti.

Alikumbuka vizuri. Marundo kumi mezani, yeye anatembea kando ya meza na kuokota mkunjo mmoja kutoka kila rundo, na mpiga chapa, ambaye alimpenda waziri kama mtu anavyoipenda timu ya mpira, amekaa juu ya ndoo anabishana naye kuhusu ile hotuba. "Kasema maji yatafika kila nyumba!" "Na uchawi wake utatoka wapi?" "Wewe unapinga tu!" "Sipingi, nauliza bomba liko wapi!" Alikuwa ameyapanga marundo huku amegeuza uso, akitafuta neno kali zaidi. Alilipata. Mpiga chapa alinyamaza. Wembe alitembea kando ya meza ile mara mia tatu akiwa ameshinda, na hakugeuza hata kitabu kimoja kutazama mgongo.

Alikwenda chumba cha mashine akamwita mpiga chapa pembeni, akamwonyesha.

Mpiga chapa alitazama, akapiga mluzi. Kisha akatazama mlangoni. "Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi iishie kwangu. Mwenyewe si amekiri mbele ya watu? Amesema ni yeye. Wewe unataka nini tena, medali?"

"Ni mkono wangu huu."

"Mkono wako una miaka ishirini na mitatu hapa. Mama Wino akijua, kesho wateja wote wanaleta vitabu vyao virudiwe, hata vya babu zao. Na ule ubao wako," mpiga chapa alicheka kwa pua, "ule ubao sahau. Nani atasimama kusoma? Mtu aliyechambua makosa yake akayaita ya mwenzake. Nyamaza, kaka. Kwanza humpendi yule."

Hilo lilikuwa kweli. Hakumpenda. Alitazama upande wowote, hakuona sababu ya kumpenda.

Ijumaa mdogo wake alikuja. Hakuingia ofisini kusalimia, alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, mkoba begani, akasimama upande wa pili wa meza.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Keti."

"Sikai. Nimekuja na neno moja. Futa."

"Unajua sifuti."

"Najua. Nimekuja tu nikusikie ukisema." Alikuwa na macho makavu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angelia. "Mwenzako hali. Kazini wanamwita Shangazi. Mkubwa wake kamwita Shangazi kwenye kikao. Miaka sita, kaka. Aliandika kwenye meza yangu ya jikoni, mimi nakata kitunguu huku, yeye anaandika kule, ananiuliza, 'Mke wangu, mtu akifiwa husema nini kwanza?' Unajua hiyo sura ya mazishi ni ya nani?"

Wembe aliweka sindano chini.

"Ya mama yetu. Kila kitu. Mpaka kile kiatu chako kilichozama tope, ukakiacha. Wewe umekisoma ukatafuta pa kuchekea tu."

Kiatu alikuwa amekiona kwenye kitabu. Chake alikuwa amekisahau; alidhani Karani amekibuni, na alifikiri kimebuniwa vibaya.

"Jumatatu anavipeleka vyote kwa mnunuzi wa karatasi chakavu," aliendelea. "Vya dukani amekwishavichukua. Vikafungie karanga. Ndio uamuzi wake. Anasema mtu asiyeweza kupanga karatasi zake mwenyewe asiandike. Na ameniambia nisikuchukie." Akapandisha mkoba begani. "Hilo la mwisho limenishinda."

Palepale ndipo pa kusema. Wembe alikuwa na maneno yote mdomoni, manne tu, "Ni mimi, si yeye." Lakini mlango ulikuwa wazi, mpiga chapa kasimamisha mashine ili asikie vizuri, na Mama Wino alikuwa akikohoa ofisini.

"Nitaandika kingine Jumatatu," alisema.

"Andika. Wewe si ndugu wa mtu, wewe ni ubao." Akatoka.

Jumamosi mchana Wembe alichukua moja ya zile nakala tano, akakata uzi, akatoa mkunjo wa saba, akaurudisha mahali pake, akaenda nayo nyumbani bila kuishona. Akaketi barazani akasoma upya, tangu neno la kwanza. Kurasa za mwanzo zilikuwa ni zile zile. Salamu, chai, habari za safari, salamu tena. Alitukana mara mbili. Kisha akaingia kwenye harusi, na shangazi akaingia, mwanamke mnene mwenye kicheko kirefu, akacheza, akaomba soda ya pili, na safari hii Wembe alikuwa hajui kama atakufa, au alijua na akawa hataki kujua. Sentensi ile iliyokatika ilikuwa na mwisho wake: "akasema kwa sauti ya mtu anayeita mtoto kutoka mbali." Shangazi akaanguka. Mkunjo wa saba ukaanza, na makoleo yakaja, na tope, na kiatu.

Jirani alipita akamsalimia, hakusikia.

Jumapili aliivuta siku nzima kama gunia. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu alimkuta Mama Wino anafungua mlango, akamweleza yote kwa pumzi moja, amesimama na kofia mkononi.

Mama Wino alimsikiliza mpaka mwisho. "Na unataka kuandika ubaoni?"

"Ndiyo, mama."

"Kwamba kiwanda changu hakijui kupanga kitabu."

"Kwamba mimi sijui. Jina lako nitalitoa kabisa."

"Jina langu liko juu ya mlango, utalitoaje?" Alichomoa ufunguo mlangoni. "Utavirudia vyote, mia tatu, kwa saa zako mwenyewe baada ya kazi. Na kuanzia leo hupangi peke yako. Mpiga chapa atakagua nyuma yako."

"Mpiga chapa! Mama, yule hajui hata..."

"Nyuma yako, nimesema. Andika basi, kabla sijabadili nia."

Akaandika hivi:

"WIKI ILIYOPITA NILIANDIKA UJINGA. Mkunjo wa sita na wa saba niliibadilisha nafasi mimi, kwa mkono wangu, vitabu vyote mia tatu, kwa kuwa nilikuwa nabishana. Karani hakuchanganya chochote. Kosa lake ni kukataa namba tu. Mliocheka mlicheka kazi yangu. Nimekisoma upya kwa mpangilio wake. Mwanzo unachosha, kurasa arobaini za salamu. Harusi ni nzuri. Mazishi ni mazuri kuliko chochote nilichowahi kushona. Mwenye nakala ailete, nitaishona upya bure."

Fundi cherehani alianza kusoma kwa sauti yake ile ile, na kadiri alivyosoma sauti ikapungua. Alipomaliza aligeuka.

"Kwa hiyo wiki nzima umeniacha nawachekesha watu kwa uongo?"

"Hukulazimishwa."

"Na ile filamu? Uliiona?"

"Niliiona."

"Yote? Au ulibisha na mtu nusu yake?"

Watu wakacheka, na safari hii hapakuwa na shaka wanamcheka nani. "Na waziri je?" mwingine akadakia. "Labda alisema vizuri, wewe ukampanga vibaya!" "Wembe butu huo!" Wengine hawakucheka hata, walisoma, wakasonya, wakaenda. Mzee mmoja aliyekuwa haikosi Jumatatu hata moja alitikisa kichwa, akasema tu, "Na mimi nilikataa kitabu nilichopewa," akaondoka bila kuaga. Wembe alisimama chini ya maandishi yake, mikono nyuma. Aliyapokea yote. Hakuwa na neno kali hata moja la kuwarudishia, na kama angekuwa nalo asingelitumia, au ndivyo alivyojiambia.

Saa nane Karani na mkewe wakaja na mkokoteni wenye maboksi. Walikuwa njiani kwa mnunuzi wa karatasi, na njia inapita hapo hapo. Mke aliusimamisha mkokoteni. Karani alisogea ubaoni akasoma, kalamu zake mbili mfukoni. Alisoma kama siku ile, midomo inatembea. Aliporudia mara ya pili shingo ilikuwa imevimba.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Jumatano."

"Leo ni Jumatatu."

"Ubao huandikwa Jumatatu," Wembe alisema, na neno lilipokuwa linatoka alilisikia lilivyo.

"Na mdomo wako? Nao ni wa Jumatatu?" Karani alimsogelea. "Siku tano! Siku tano nimekaa nikijiona mwendawazimu. Nimemwambia mke wangu labda kichwa kimeniharibika. Mke wangu amekuja hapa, amesimama mbele yako, umemtazama machoni ukanyamaza! Unajua nilimwambia asikuchukie?"

"Aliniambia."

"Sasa natoa kibali. Akuchukie."

"Nilishaanza," alisema mkewe kutoka kwenye mkokoteni.

Wembe alivuta pumzi. "Shemeji, nisamehe."

"Sikusamehe. Unataka nikusamehe hapa hapa mbele ya fundi cherehani ili upate la kuandika wiki ijayo?" Akageukia ubao, akanyoosha kidole. "Na hili neno. 'Unachosha.' Nani kachoka? Zile salamu ndizo zinazomjulisha mtu familia. Lifute hilo."

"Silifuti."

"Baada ya yote haya?"

"Yote haya ni kosa langu nimeliandika. Hilo si kosa. Mwanzo wako unachosha, shemeji. Mtu anakaribishwa chai mara saba. Nimezihesabu."

Ilikuwa kama amempiga kofi, na Wembe alijua, na hakuweza kusema vingine. Karani alitweta. Kwa kitambo ilionekana kama atamrukia. Fundi cherehani aliweka mkasi chini ili asikose kitu.

"Mara sita," Karani alisema mwishowe.

"Saba, ukihesabu na ya kwa balozi wa mtaa."

Karani alifikiri. Uso wake ulikunjamana kama mtu aliyekanyaga mwiba. "Nitaandika kingine," alisema. "Kikubwa kuliko hiki. Na hutakishona wewe. Nitakipeleka mbali, nitapanda gari nikipeleke mbali, mkono wako usikiguse."

"Nitakinunua nikisome."

"Soma upofuke!"

Akavuka barabara bila kutazama huku wala huku, dereva wa lori akampigia honi na kumtusi, naye akamrudishia tusi kwa ufasaha ambao Wembe hakuwahi kuukuta katika kitabu chake.

Mdogo wake alikuwa bado kasimama. Aliusukuma mkokoteni mpaka mlangoni, akalitua boksi la kwanza miguuni mwa Wembe kwa kishindo, kisha la pili na la tatu.

"Vipo mia mbili na arobaini," alisema. "Vile vingine viko kwa watu. Utavitafuta nyumba kwa nyumba, wewe mwenyewe, ukibisha hodi na ukijieleza. Na cha kwanza kitakachokamilika uniletee mimi, si yeye."

"Nitakuletea kesho."

"Usiingie ndani. Niite kwenye geti." Akaugeuza mkokoteni mtupu, akaondoka nao, magurudumu yakilia.

Wembe alichukua kisu, akachuchumaa pale pale mlangoni, akafungua boksi la kwanza, akachukua kitabu cha juu na kuanza kukata uzi.